Kiangazi Katika Maktaba ya Mji Wetu Mdogo, New Hampshire

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu ndugu mnaonitazama kutoka Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Leo nimesimama nje ya maktaba ya mji ninaoishi hapa New Hampshire, mojawapo ya majimbo ya Marekani, na kelele mnazozisikia nyuma yangu si za harusi. Ni za watoto waliokaa kwenye nyasi wakimzunguka bwana mmoja aliyekuja na kobe, bundi na nyoka ndani ya masanduku, na kila sanduku linapofunguliwa makelele hupanda upya. Jina la mji sitalitaja, kwa kuwa majirani zangu hawakuomba kuingizwa katika video ya mtu yeyote. Inatosha kujua kwamba tuna barabara kuu moja, duka moja la vifaa vya ujenzi, na maktaba hii ya matofali ambayo Jumapili na Jumatatu haifunguliwi kabisa, jambo ambalo mimi binafsi bado sijalikubali.

Nilipokuwa mwanafunzi nilizoea kwenda maktaba ya mkoa pale Tanga, na wenzangu wa rika langu wataniunga mkono nikisema kwamba wengi wetu hatukwenda kwa ajili ya vitabu vya rafuni. Tulikwenda na madaftari yetu, tukawahi kiti asubuhi, tukasoma kwa ajili ya mtihani mpaka jioni, na aliyethubutu kucheka alitazamwa kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Maktaba kwangu ilikuwa nyumba ya ukimya. Kwa hiyo nilipomleta binti yangu hapa kiangazi chetu cha kwanza (na kiangazi cha huku ni Juni hadi Agosti, wakati ninyi mnavaa masweta kule Lushoto), kila alipopaza sauti nilimziba mdomo. Mkutubi alinijia taratibu, akaniambia kwamba upande ule wa watoto kelele zinaruhusiwa, na kwamba anayetaka ukimya ametengewa chumba chake ghorofani. Niliona haya kidogo, lakini tangu siku ile nilianza kuitazama nyumba hii kwa jicho jingine.

Shule za huku hufungwa katikati ya Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, yaani mtoto hukaa nyumbani wiki kumi au zaidi huku wazazi wakiwa kazini. Walimu huhofia kwamba aliyekuwa ameanza kusoma vizuri atarudi darasani akiwa amesahau. Ndiyo sababu maktaba za umma nchini Marekani huendesha mpango wa usomaji wa kiangazi, na mji mdogo kama wetu haulazimiki kubuni kila kitu peke yake. Mwaka 1987 maktaba za jimbo la Minnesota zilianza kushirikiana kuandaa mada, mabango na vifaa vya pamoja, ushirikiano ule ukaenea hadi majimbo mengine, na New Hampshire ni mojawapo. Mada ya mwaka 2025, kwa mfano, ilihusu sanaa na rangi, na kwa wiki kadhaa binti yangu alirudi nyumbani na nguo ambazo sabuni ilishindwa nazo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mtoto hupewa kadi yenye viduara, na kila anaposoma kwa dakika kadhaa hupaka rangi kiduara kimoja. Kadi ikijaa huchagua zawadi ndogo, na mara nyingi zawadi ni kitabu. Nilichokipenda ni kwamba hawamuulizi amesoma nini. Vibonzo vinahesabiwa, kitabu cha kusikiliza kinahesabiwa, na kusomewa na mzazi kunahesabiwa vilevile. Nilipouliza kama kusoma Kiswahili kunahesabiwa, mkutubi alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

Katika maeneo yenye familia nyingi za kipato cha chini kuna pia chakula cha mchana cha bure kwa watoto wote wa hadi miaka 18. Mpango huo wa serikali kuu ulifanywa kuwa mpango unaojitegemea mwaka 1975, kwa kuwa mtoto anayekula shuleni hukosa mlo huo shule inapofungwa, na maktaba nyingi zimekubali kuwa vituo vya kugawia. Hakuna fomu ya kuthibitisha umaskini wako: mtoto anafika, anakula, anarudi kwenye kitabu chake.

Sasa niwaonyeshe kitu ninachokionea fahari. Pale kando ya kaunta, penye kipande cha karatasi chenye majina, ni foleni ya darubini. Mwaka 2008 chama cha wapenda nyota cha jimbo hili, New Hampshire Astronomical Society, kilianza kutoa darubini kwa maktaba za miji ili watu waziazime kama wanavyoazima kitabu. Ni darubini fupi nene, yenye kioo cha upana wa inchi 4.5, na wanachama wa chama hicho huzirekebisha kwanza, wakavifunga hata vifuniko kwa kamba ili visipotee mikononi mwa watoto. Tulipoipata kwa zamu yetu, tuliiweka juu ya meza ya bustanini, na binti yangu akaona mashimo ya mwezini kwa macho yake. Usiku ule alikataa kulala, nami sikuwa na moyo wa kumlazimisha.

Lakini nani anayefanya kazi hii yote? Waajiriwa wa maktaba yetu hawazidi vidole vya mkono mmoja. Wanaopanga viti, kukata karatasi na kumwagilia bustani ya mboga iliyo nyuma ya jengo ni watu wa mji wanaojitolea, wengi wao wastaafu, pamoja na vijana wa sekondari ambao huwasikiliza wadogo wakisoma. Kuna kikundi kinachojiita Marafiki wa Maktaba, ambacho kila kiangazi hukusanya vitabu vilivyotumika, hupanga meza chini ya hema na kuviuza kwa bei ya kutupa. Fedha hizo ndizo zilizomlipa bwana wa nyoka leo, na ndizo zinazolipia kadi za makumbusho ambazo familia huazima ili kuingia bure au kwa nafuu. Mama mmoja mzee wa kikundi hicho, ambaye hunikosoa matamshi yangu bila aibu, aliniambia kwamba amepanga meza zile kwa zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kununua vitabu chini ya vitatu kwa siku.

Bajeti yenyewe hupigiwa kura, na hapa naomba mnivumilie kidogo. New Hampshire haitozi kodi ya jumla ya mauzo wala kodi ya mishahara, kwa hiyo mzigo wa shule, barabara, zimamoto na maktaba huangukia zaidi kodi ya nyumba na ardhi, na kila mwenye nyumba anajua hasa kinachomtoka. Wadhamini wa maktaba, ambao huchaguliwa kwa kura na hawalipwi mshahara, hupeleka hesabu zao mbele ya mkutano wa mji, ambao katika miji mingi hufanyika mwezi Machi. Mlioishi vijijini kwetu Tanzania mtauelewa haraka, kwa kuwa unafanana sana na mkutano mkuu wa kijiji: watu wazima wote wana haki ya kusimama, kuuliza na kukataa. Mimi si raia, kwa hiyo nilikaa kwenye viti vya wasiopiga kura, pembeni kabisa. Mzee mmoja alisimama akauliza maktaba ina kazi gani katika zama hizi ambapo kila mtu ana simu mkononi. Akajibiwa na zimamoto mstaafu, aliyesema kwamba siku za joto kali yeye hushinda humo kwa kuwa nyumbani kwake hana kiyoyozi, na kwamba mjukuu wake amejifunza kusoma kwenye zulia lile. Kadi za kura zikainuliwa, zikahesabiwa, bajeti ikapita. Mzee aliyepinga nilimwona Julai akiazima riwaya za upelelezi, nne kwa mpigo.

Desturi hii ya mji kutoza kodi kwa ajili ya vitabu ina mizizi mirefu hapa jimboni. Katika mji wa Peterborough, mwaka 1833, mkutano wa mji ulikubali pendekezo la mchungaji Abiel Abbot kwamba sehemu ya fedha za elimu kutoka jimboni inunue vitabu vya wote. Fedha hizo zilikuwa za kodi ya mabenki, ambazo awali zilikusudiwa kujenga chuo kisha zikagawiwa miji. Maktaba ile hutajwa kuwa ya kwanza ya bure nchini Marekani iliyoendeshwa kwa kodi ya umma tangu kuanzishwa kwake, na mwaka 1849 New Hampshire ikawa jimbo la kwanza kuruhusu kwa sheria kila mji utoze kodi kwa ajili ya maktaba.

Mwaka jana mkutubi aliniomba nisimulie hadithi siku moja ya Jumamosi. Nilikubali haraka, kisha nikakosa usingizi. Nilipika mandazi sitini, nikaketi kwenye kiti kidogo cha watoto kilicholia kwa uzito wangu, nikawafundisha kwamba nikisema “Paukwa!” wao waitikie “Pakawa!” Baada ya mara tatu ukuta ulikuwa unatetemeka. Nikawasimulia mkasa wa Sungura na Fisi kwa Kiingereza, nikiacha majina na nyimbo kwa Kiswahili, na mandazi yakaisha kabla Fisi hajafika kisimani. Wiki iliyofuata, nikiwa dukani, kijana mdogo ambaye simjui alinipigia kelele kutoka upande wa maziwa: “Paukwa!” Mama yake aliniomba radhi, mimi nikaitikia.

Baada ya hapo mkutubi aliniuliza kama naweza kuwapatia vitabu vya watoto vya Kiswahili kwa ajili ya rafu yao. Mama yangu alinunua vinne pale Tanga na kumpa binamu yangu aliyekuwa anasafiri, navyo vikafika vikiwa vimefungwa ndani ya khanga kwenye sanduku la samaki wakavu, harufu yake ingalipo. Vimebandikwa namba, vimefunikwa plastiki, vimepangwa pale karibu na dirisha. Nilipopita leo asubuhi kuvitazama nilivikuta vitatu tu. Nilimuuliza binti yangu kama amechukua cha nne, naye akaapa kwamba si yeye.