Gitaa Lisiloshika Tyuni: Pa Kutazama Kabla ya Kushika Bisibisi

Habari za jioni, ndugu zangu. Wakubwa mliofika, shikamooni.

Gitaa hili mezani nimelilaza kifudifudi na kifuniko cha nyuma nimekitoa, ili kila mmoja aone ninachokisema. Sogeeni, msiogope kuinamia meza. Mada yetu ni daraja la tremolo, yaani kile kifaa cha chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, lile linalocheza mpiga solo anapobonyeza ule mkono wa chuma. Wengi wenu mmenilalamikia jambo moja: unabonyeza mkono mara mbili tatu, na wimbo haujaisha gitaa limeshatoka kwenye tyuni. Basi kila kilichopo kinakazwa, na mambo yanazidi kuharibika.

Daraja hili lilikuja na gitaa la Stratocaster la Leo Fender mwaka 1954, na magitaa mengi ya bei nafuu tunayoyakuta madukani yameiga mtindo uleule. Kwa mbele kuna bamba la chuma linaloegemea skrubu sita. Chini ya bamba kuna pande zito la chuma lililozama ndani ya bodi, ndilo hili ninaloligusa. Springi hizi tatu zimenasa kwenye hilo pande upande mmoja, na upande wa pili zimenasa kwenye kikucha kilichofungwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Nyuzi zinavuta kwa mbele, springi zinavuta kwa nyuma. Ni mizani: ukiongeza upande mmoja, mwingine unainuka.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Nyuzi namba 9 (namba ni unene wa uzi, ikikua uzi ni mnene zaidi) zikiwa kwenye tyuni ya kawaida zinavuta karibu kilo 39 kwa pamoja. Nyuzi namba 10 zinavuta karibu kilo 47. Kwa hiyo aliyebadilisha namba 9 akaweka namba 10 bila kugusa springi ameongeza kilo nane mbele, na lazima daraja liinuke mkia, yaani ukingo wake wa nyuma. Nyuzi zinakuwa juu mno, vidole vinauma, na sauti haikai sawa shingoni. Kinyume chake pia hutokea. Bendi ikishusha tyuni nusu sauti ili kumfaa mwimbaji, mvutano unapungua kwa asilimia 11 hivi, na daraja linazama. Hapo gitaa si bovu hata kidogo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kazi yote ilipo. Kabla ya kushika bisibisi, tyuni gitaa vizuri, bonyeza mkono hadi nyuzi zilegee, uachie taratibu, kisha pima nyuzi zote sita. Jiulize: zimehama zote au umehama mmoja? Zimepanda au zimeshuka?

Zikihama zote kwa pamoja upande mmoja, tafuta kosa kwenye daraja. Ukihama mmoja au miwili, liache daraja. Kosa liko kwenye njia ya uzi huo, na mara nyingi ni pale kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita kati ya shingo na kichwa. Ukibonyeza mkono, uzi unalegea na kuteleza kidogo kuelekea kwenye kigingi, kile cha kukazia uzi kichwani. Mfereji ukiwa mwembamba au mkavu, uzi haurudi wote, na matokeo yake sauti inapanda. Ukiuvuta uzi huohuo kwa kidole, kama wapiga solo wanavyofanya, unateleza upande wa pili na sauti inashuka. Kwa hiyo uzi unaopanda baada ya mkono na kushuka baada ya kuvutwa kwa kidole umekamatwa kwenye nati. Sikiliza pia wakati wa kutyuni: ukisikia "tiki" kisha sauti ikaruka ghafla, ushahidi umekamilika. Sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji, unga wake mweusi unalainisha. Usipopata nafuu, mfereji unahitaji kupanuliwa kwa tupa nyembamba sana. Kazi hiyo mpe mtu mwenye tupa hizo, kwa sababu mfereji uliochimbwa kupita kiasi haurudishiki kirahisi.

Vigingini, uzi uzunguke mara mbili au tatu, usizidi. Nyuzi mpya zivute kwa mkono, tyuni, vuta tena, mpaka zitulie.

Turudi kwenye daraja. Zile skrubu sita za mbele ndizo zinazoonewa zaidi. Mtu anaona skrubu, anaikaza mpaka mwisho. Ukifanya hivyo umelibana bamba, haliwezi kurudi mahali pamoja kila mara. Acha zile nne za kati ziwe juu ya bamba kwa milimita moja na nusu hivi, na mbili za pembeni zishuke hadi ziguse bamba tu. Daraja litaegemea hizo mbili. Sisi wa pwani tuna adui mwingine: hewa ya chumvi na jasho. Kutu ikikaa pale chuma kinapoegemea chuma, daraja linakwama na kuachia linavyotaka. Lifungue, lisafishe, weka tone moja la mafuta.

Kwenye kikucha, utaratibu ni huu. Legeza nyuzi kwanza, maana skrubu hizi zimeshika mbao na mbao ikichimbika ni kazi nyingine. Mkia ukiwa umeinuka, kaza skrubu zote mbili nusu mzunguko, tyuni nyuzi zote, tazama. Bado? Rudia. Ni kazi ya subira, kwa sababu kila ukikaza uzi mmoja mingine inashuka. Wanaotaka daraja linaloelea, yaani lisilolala juu ya bodi, Fender wenyewe hupendekeza nafasi ya milimita 3 hivi nyuma ya bamba. Na angalieni waya huu mwembamba uliolehemiwa kwenye kikucha: ukikatika, spika itanguruma, na ukigusa nyuzi mngurumo haupungui.

Kwa wapigaji wa dansi na rumba nina maoni tofauti na yale mnayoyasikia kwa wapigaji wa roki. Solo yetu inataka kila noti itoke safi, na wengi wenu huo mkono mmeshautoa na kuuweka kwenye begi. Basi usilibebe daraja linaloelea bure. Ongeza springi zifike tano, kaza kikucha hadi bamba lilale juu ya bodi. Ukitaka uhakika zaidi, chonga kipande cha mbao ngumu ukisukumize kati ya lile pande la chuma na ukuta wa bodi, upande ulio mbali na shingo, mkabala na springi.

Faida yake utaiona ukumbini. Uzi ukikatika kwenye daraja linaloelea, springi zinazidi nguvu, daraja linazama, nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote, na huwezi kuendelea. Daraja likiwa limelala na kufungwa, zile tano zinabaki kwenye tyuni, nawe unamaliza wimbo pamoja na wenzako.

Haya, aliyekuja na gitaa alilete hapa mbele. Tuanze na kupima.