Kidevu cha Mwanamume, Kidevu cha Mwanamke

Mabibi na mabwana, leo nazungumzia ndevu. Kabla sijafika mbali naomba kila mmoja apitishe kidole juu ya mdomo wake, taratibu. Akina mama pia. Mnagusa vinywele vyororo ambavyo havionekani vizuri hata kwenye kioo? Hayo ni malaika, na kila uso unayo. Vitundu vyake tulizaliwa navyo. Hakuna kipya kinachofunguka baadaye. Mvulana na msichana wa miaka 8, nyuso zao hazina tofauti kubwa.

Tofauti huja na balehe. Korodani humwaga testosteroni kwenye damu, na ndani ya ngozi sehemu yake hugeuzwa kuwa homoni kali zaidi, dihidrotestosteroni. Ikilifikia shina la laika, unywele unaofuata hutoka mnene na mgumu. Huanzia pembe za mdomo wa juu, masharubu yakakutana katikati, kisha mashavu. Kidevu mara nyingi huja nyuma. Kijana mwenye masharubu na kidevu kitupu asiwe na haraka. Wengi ndevu huendelea kujaa hata baada ya miaka 20.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Homoni hiyohiyo inayostawisha ndevu ndiyo inayonyausha nywele za utosini kwa aliyerithi upara. Damu ni moja, ila shina la kidevuni linaitikia hivi na la utosini vile. Ndiyo maana wanaume wawili wenye testosteroni sawa, mmoja ndevu zinamfika kifuani, mwenzake anazo za kuhesabu. Huyo wa pili hajapungukiwa uanaume, na wanaomtania hawajui wasemalo.

Na wembe? Wembe tunausingizia kwamba hunenepesha ndevu na kuziotesha haraka. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichapisha vipimo vya ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa: hazikunenepa wala hazikuongeza kasi. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba; ukiukata unabaki butu, kidole kikadhani umenenepa. Shina liko chini ya ngozi, halina habari. Wanaoonewa na wembe ni wenye nywele za kipilipili: unywele uliokatwa chini kabisa hujikunja, ukarudi kuchoma ngozi, vikatoka vipele. Hao waache kwanza kunyoa hadi kwenye ngozi.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, na karibu vyote vinauliza jambo moja: mwanamke kuota ndevu. Nitakaa hapo kidogo.

Ovari na tezi za juu ya figo za kila mwanamke hutoa testosteroni, kwa kiasi kidogo. Nywele mbili tatu ngumu kidevuni, hasa baada ya hedhi kukoma, ni kawaida kabisa. Ila kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 hadi 10 huota nyingi, na chanzo kikuu ni ule ugonjwa wa ovari uitwao PCOS, ambao huvuruga hedhi na kuleta chunusi. Wengine vipimo vyote ni salama. Ni mashina tu yanayoitikia kupita kiasi homoni ya kawaida. Lakini zikija kwa ghafla, ndani ya miezi michache, na sauti ikawa nzito, usikimbilie saluni. Nenda hospitali upimwe, kwani huenda kuna uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi hizo.

Kuna aliyeandika kwamba vidonge alivyopewa ni bure, ametumia miezi miwili. Dada yangu, kidonge hakiondoi unywele uliokwisha kuota, kinadhoofisha ujao. Kipe miezi 6 hivi. Kwa sasa nyoa au ng'oa bila wasiwasi, na ukitaka leza, yaani mwanga wa kuunguza mashina ya nywele, uliza kwanza kama mashine hiyo inafaa rangi ya ngozi yako. Na kama unatafuta mimba, mwambie daktari mapema, maana baadhi ya vidonge hivyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.