Mtu akikwambia sheria itapunguza nakisi, muulize: ukilinganisha na nini?

Haya jamani, karibuni, walio nyuma sogeeni mbele viti vipo, mi naanza. Leo nataka tuongelee kitu kimoja tu, namna ya kujua sheria mpya inafanya nini kwenye bajeti ya serikali, hasa kwenye nakisi, yani pesa serikali inazotumia kuzidi inazokusanya, na mfano wangu utakuwa Marekani mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kule hesabu zinawekwa wazi, muswada ukitoka kamati makisio yake mtu yeyote anayasoma, so tunaweza kuifuata kazi mpaka ndani kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kongresi, yani bunge la Marekani, haikuwa na wataalamu wake wa kupiga hizi hesabu, ilitegemea namba za upande wa rais. Rais Nixon akawa anagoma kutoa pesa ambazo Kongresi imeshazipitisha, ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 1974 ikatungwa sheria ambayo pamoja na mengine ikaanzisha ofisi ya bajeti ya Kongresi, hii inayoitwa CBO. Ikaanza kazi 1975, mkuu wake wa kwanza mchumi Alice Rivlin, mama ambaye mi namheshimu sana, kwa sababu ndo aliyeisimamisha ile ofisi kwenye msimamo kwamba sisi tunahesabu, hatuwaambii pitisheni wala msipitishe. Upande wa kodi makisio yanatoka kwenye kamati ya pamoja ya kodi ya Baraza la Wawakilishi na Seneti, zile nyumba mbili za Kongresi, CBO inayachukua na kuyatumia.

Sasa kabla ya namba zenyewe muelewe pesa ziko za aina mbili. Kuna zile zinazopigiwa kura kila mwaka, miswada 12, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba. Na kuna zile zinazotoka zenyewe kwa sababu sheria ipo, mfano pensheni za wazee na Medicare, ile bima ya afya ya wazee, hizo hakuna anayezipigia kura kila mwaka, mtu akitimiza masharti analipwa. Ndo maana kuna sheria inayosema wizara fulani "inaweza kupewa" bilioni kadhaa halafu watu wanashangilia, kumbe pesa haijatoka hata senti, inasubiri muswada mwingine. Na hata ikipitishwa haitoki yote siku hiyo, manowari inapitishiwa pesa mwaka huu malipo yanaenda miaka na miaka, kwa hiyo ukisoma jedwali angalia kama ni ruhusa ya kutumia au ni pesa inayotoka kweli, ni mistari miwili tofauti.

Haya, hapa ndo penyewe. Gharama ya sheria haipimwi kuanzia sifuri. CBO kwanza wanakadiria miaka 10 ijayo itakuwaje kama sheria zilizopo zikibaki hivyo hivyo, hayo ndo makisio ya msingi, halafu wanakadiria tena na muswada ukiwemo, ile tofauti ndo gharama. Yani ukiyagusa yale makisio ya msingi umebadilisha gharama ya kila muswada bila kugusa hata neno moja la muswada wenyewe.

Na wanasiasa wanalijua hilo vizuri. Kodi zilizopunguzwa 2001 ziliandikwa zife mwisho wa 2010. Kwa nini? Kwa sababu kwenye Seneti kuna njia ya mkato ya kupitisha muswada kwa zaidi ya nusu ya kura tu bila kuhitaji kura 60 kati ya 100, ila muswada unaopita njia hiyo hautakiwi kuongeza nakisi baada ya kile kipindi cha hesabu kuisha. 2017 wakarudia, punguzo kubwa la kodi za watu binafsi likapewa ukomo mwisho wa 2025, na muswada ukaonekana nafuu. Ikafika 2025 wanataka kuziendeleza, kwa kipimo cha kawaida hilo ni jambo la gharama kubwa mno, CBO wakasema sheria iliyoziendeleza, pamoja na mambo yake mengine yote, inaongeza nakisi trilioni 3.4 za dola kati ya 2025 na 2034. Viongozi wa Seneti wakatumia kipimo kingine, kwamba tuchukulie kodi zile zingeendelea tu, kwa hiyo kuziendeleza hakugharimu kitu, na sheria ile ile ikaonekana inapunguza nakisi!

Sasa nisikilizeni. 2017 ule ukomo ulihesabiwa ili gharama ishuke, 2025 ukahesabiwa kama haujawahi kuwepo. Ile gharama ya miaka ya baada ya 2025 mara ya kwanza haikuingizwa, na mara ya pili kwenye kipimo chao haikuingizwa tena. Mi hili linaniuma kwa kweli, kwa sababu deni linakopwa kweli, halijali umetumia kipimo gani.

Mtu atasema mbona makisio yenyewe hukosea. Ni kweli, sheria ya dawa za Medicare ya 2003 CBO walisema kama bilioni 395 kwa miaka 10, upande wa serikali wakasema 534, na mwisho wa siku ikagharimu chini ya zote mbili, dawa za bei nafuu zilienea na waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotegemewa. Lakini makisio yakikosea unaweza kurudi ukaona kosa liko wapi, kipimo kikibadilishwa huna pa kurudi.

Halafu kuna daftari lililoanzishwa na sheria ya 2010, ofisi ya bajeti ya rais inarekodi kila sheria imeongeza au imepunguza nini kwenye nakisi, mwaka ukiisha na daftari linaonyesha nyongeza imezidi punguzo inatakiwa makato ya matumizi yaje yenyewe, Medicare isizidi asilimia 4, pensheni za wazee zisiguswe. Sheria ni nzuri kwenye karatasi, ila kila lilipofika hapo Kongresi imeahirisha au imefuta.

La mwisho kabla ya maswali, ile trilioni 3.4 haina riba ya mkopo utakaoongezeka. CBO waliihesabu kando, ukiijumlisha inafika 4.1. Kwa hiyo mkisoma makisio yoyote tafuteni riba imeandikwa wapi. Haya, nani anaanza?