Insha zangu za skuli na barua ya Bibi: mazungumzo na wanafunzi, Chake Chake

Assalaamu alaykum wanangu. Haya, ahsanteni. Walimu wenzangu nanyi nawasalimu, na nawashukuru mlionialika. Mie kwetu Konde, humu humu Pemba, kuja Chake kwa kawaida siihesabu safari, lakini leo nimeiona safari kwa mfuko huu niliobeba. Ndani mna madaftari manne, yangu mwenyewe, ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, kutoka 1993 hadi 1996. Mama aliyatia kwenye kasha pamoja na kanga zake za arusi na wala hakutwambia, mwaka jana ndo tumelifungua kasha tukayakuta, pembeni yashaliwa na mende kidogo lakini wino unasomeka.

Nimeombwa nizungumze mtu anavyokua kwenye uandishi, nikaona badala ya kuwapa maneno ya jumla nikusomeeni tu nlivyokuwa naandika nna umri kama wenu, halafu nikuhadithieni kilichonibadilisha. Na nyinyi nliagiza kila mtu aje na insha yake moja, naona wengine mmeshika madaftari, vizuri, tutayafika.

Naanza na hii ya kidato cha kwanza, kichwa chake "Siku Nisiyoisahau". Sikilizeni. "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jogoo wa kwanza alipowika niliamka nikapiga mswaki. Jua lilikuwa likichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo za kupendeza. Nilivaa nguo zangu nikapendeza mithili ya mbalamwezi." Nawaona mnatazamana, mana hata kwenye madaftari yenu jogoo huyo yumo. Nilipata 14 juu ya 20 na chini pameandikwa kwa wino mwekundu "Vizuri, ongeza methali". Sasa siku yenyewe ilikuwa siku ya kwenda bandarini Mkoani kumpokea baba anatoka Unguja, baba alikuwa hajaja nyumbani miezi minane, na katika insha nzima baba kapewa sentensi moja, "hatimaye baba aliwasili tukafurahi sana". Mbalamwezi imepata nafasi kuliko baba.

Siisomi ili tuicheke. Yule mtoto alikuwa anajifunza kuisimamisha sentensi, na mtoto huanza kwa kushika maneno ya wakubwa, hata kusema tumejifunza hivyo hivyo. Ila ingelikuwa naandika hivyo mpaka leo basi ningelikuwa sijaandika kitu.

Hii ya pili ni ya kidato cha pili, mwaka 1994, "Umuhimu wa Zao la Karafuu". "Karafuu ni zao la biashara linaloiingizia nchi yetu fedha za kigeni. Pia karafuu hutumika kama kiungo cha chakula na kutengenezea dawa." Inaendelea hivyo ukurasa na nusu, hakuna kosa hata moja, na hakuna mtu hata mmoja. Na wiki ile naandika hii tulikuwa tumo ndani ya karafuu kweli kweli, msimu umefunguka, nikitoka skuli navua yunifomu naingia shamba na wenzangu mpaka magharibi, usiku tunakaa jamvini na kandili katikati tunachambua. Wengine mnakujua kuchambua, unakishika kishada mkono mmoja unakisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaangukia huku makonyo, vile vikonyo vyake, unayatupa kule, na baada ya saa moja dole gumba lishakuwa jeusi linanata na ukijisahau ukajifikicha jicho hulali. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, kile kipimo cha kupimia, kwa hiyo kila mtu anaomba iwe nyingi, na asubuhi zikianikwa sote tunaangalia mawingu, mana zikipigwa na mvua kazi yote imeharibika. Nlikuwa nayajua yote hayo kwa mwili wangu, nikaenda nikaandika fedha za kigeni.

Lakini hebu oneni hapa, nalinyanyua mlione walio nyuma, ukurasa huu huku chini pembeni pana alama ya kahawia. Ni dole gumba langu. Nliandika usiku baada ya kuchambua, mikono sikuiosha vizuri. Ukurasa mzima karafuu yenyewe ipo hapo tu, pa alama.

Sasa nije kwenye barua, mana hii ndo hasa iliyonitoa Konde leo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa anasoma na kuandika, ila kwa herufi za Kiarabu. Nasema hivi makusudi kwa sababu nliwahi kuwasikia watu wanamwita hajasoma, na si kweli, Kiswahili kimeandikwa kwa herufi hizo karne na karne kabla hatujaletewa hizi tunazotumia sa hivi. Hesabu za wachumaji wake aliziandika mwenyewe, fulani pishi ngapi, fulani kakopa ngapi. Ila mwaka ule wa 1994 macho yalikuwa yamemuingia mtoto wa jicho, haoni tena mstari, ndo akawa ananiita mimi nimuandikie barua kwa Ami, mdogo wake baba, aliyekuwa Mombasa. Na mimi kuandika Kiswahili kwa herufi zake sijui, kwa hiyo naandika kwa hizi zetu, na yeye hata angelikuwa anaona vizuri asingeweza kuhakikisha nlichoandika. Basi sharti lake likawa moja, nikimaliza nimsomee yote kwa sauti.

Barua ninayoikumbuka ni ya mkarafuu. Kulikuwa na mkarafuu mmoja karibu na kaburi la babu, Ami ndiye aliyeupanda kijana mdogo, ukaanza kukauka. Bibi kanieleza, nikaandika, nikamsomea. "Ule mkarafuu wa karibu na kaburi la marehemu umekauka kutokana na ukame mkali ulioikumba sehemu yetu."

Bibi akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Nani kakwambia ukame?"

Nikamwambia, "Bibi, si unakauka?"

"Mie nimekwambia ukame? Nimekwambia umeanzia juu, kwenye ncha, upande ule wa kaburini. Upande wa njiani una majani mpaka leo. Andika hivyo."

Nikamwambia ni mamoja Bibi, ataelewa. Akasema, "Si mamoja. Ukimwandikia ukame atadhani shamba zima limekwenda na hatolala. Yeye mti anaujua. Wewe mpe mti, atajua mwenyewe una nini."

Nikachana karatasi. Nimeandika mara nne ile barua, mara ya tatu nlikuwa nalia, na kila nikisoma anapata pahala, "hapo sivyo", "hilo neno lako, si langu", "umeruka njia". Mara ya nne nikasoma mpaka mwisho akasema, "Haya, itie bahashani." Basi. Hakunisifu.

Ikaenda kwa mkono wa mtu, na majibu yakaja kwa mkono wa mtu baada ya wiki kadhaa. Salamu nyingi, nani hajambo, nani kazaa, halafu katikati Ami kaandika, "Mti nimeuona. Msiukate, kateni matawi makavu ya juu tu mpaka nije."

Nimeuona. Mtu yupo Mombasa, bahari yote ile katikati, anasema mti nimeuona. Nlikuwa namsomea Bibi nikasita hapo hapo, sijui nikuelezeeni vipi, nlihisi kama mikono yangu imefanya kitu ambacho siku zote nikipata 14 na 15 haijapata kukifanya. Na matawi yakakatwa, na ule mti ulikaa miaka mingi baada ya hapo.

Ukiyafungua madaftari baada ya barua ile unaona mabadiliko, hata mimi nimeyaona mwaka jana tu kwa vile niliyasoma yote kwa mpigo. Hii ya kidato cha tatu, "Kisima Chetu". "Ndoo ukiitupa upande wa kushoto inagonga jiwe na kamba inakatika, kwa hiyo mtoto wa kwetu kabla hajafundishwa kuteka hufundishwa asimame upande wa mnazi." Jogoo hayumo tena. Mbele kidogo Bibi anatuita kutoka kisimani, "Rudini, kyakula kishapoa", nami nimeandika hivyo hivyo alivyosema, na hapa pana duara jekundu na msitari umepigwa juu ya kyakula, pameandikwa "chakula!" na alama ya mshangao, na maksi mbili zimekatwa.

Niliumia, na naomba tulizungumze hili kidogo kwa sababu sisi ni Wapemba na walimu wamo humu. Kiswahili sanifu mnachofundishwa msingi wake ni Kiunguja cha mjini, kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa 1928, wakati wa Waingereza, halafu kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930 ikakisimamia. Kilichaguliwa, hakikushuka. Kijueni vizuri, mtihani wa taifa utakitaka na mtaandikiana nacho na mtu wa Kigoma na wa Nakuru mkaelewana, mie mwenyewe nakifundisha na nakipenda. Lakini yale yalikuwa maneno ya Bibi, yametoka kinywani mwake, nimeyatia ndani ya alama za usemi. Ukimsahihisha mtu anapozungumza ndani ya hadithi umemtoa akaingia mwengine. Walimu wenzangu, msitari pale usipigwe.

Mmeshasikia bila shaka habari za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, 1948, aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Mkiambiwa habari zake mara nyingi mnaambiwa aliondoka akaenda Uingereza akawa mtu mkubwa. Mimi napenda pale alipoanzia hotuba yake ya tuzo, Disemba ile, alianza skuli, akaeleza kwamba akiwa mtoto kipindi alichokingojea kuliko vyote ni kipindi cha kuandika hadithi, darasa linakaa kimya kila mtu kainamia deski. Dawati kama haya mliyokalia. Na akasema kwamba wakati ule hakuwa na jambo hasa analotaka kulisema, hilo lilikuja baadae, ugenini, alipoona mambo ya kwao yanasemwa sivyo. Nlipoisoma ile nilimkumbuka Bibi, "hapo sivyo".

Lipo jambo jengine nimelifikiria sana kama nilisema au nisiseme, nitalisema.

Mwaka 2011 nilikuwa mwalimu tayari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, Jumamosi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja inakuja huku kwetu. Nyinyi mlikuwa wadogo au hamjazaliwa, lakini hakuna mtu humu ambae kwao hakuguswa. Baada ya wiki chache nikatoa insha, "Siku ya Huzuni", maneno yasiyopungua 250. Walio wengi wakaandika simanzi ilitanda, machozi yalitiririka kama mvua za masika, na watoto hao wamefiwa kweli, lakini maneno ndo hayo waliyopewa. Mmoja akaandika mistari michache tu. Nayakumbuka karibu yote. "Mama alimuekea kaka chakula Jumamosi asubuhi akakifunika kawa. Jumatatu kawa lilikuwepo bado. Hakuna aliyelifunua. Mimi nilikuwa na njaa lakini sikulifunua."

Nikampa 6 juu ya 20. Nikaandika chini, "Fupi mno. Hakuna hitimisho." Kwa mkono wangu huu. Mimi niliyekaa na Bibi, niliyeandika barua mara nne, nina madaftari sitini mezani na mwongozo wa kusahihishia pembeni, nikaandika hivyo nikachukua daftari jengine. Usiku nimelala likanijia lile kawa. Siku ya pili yake nikamwita yule kijana nikamwambia naomba daftari lako, akanipa, ule ukurasa kashauchana. Sikumuuliza kaupeleka wapi. Nilimuomba radhi, akasema "haidhuru mwalimu", na hadi anamaliza skuli hakuniandikia tena kitu kama kile, aliandika jogoo na mbalamwezi na akapata maksi nzuri.

Kwa hiyo mtihanini andikeni wanavyotaka, kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho, hilo halina ugomvi na halichukui muda kulijua. Ila muwe na daftari la pili, la bei ndogo linatosha, na kila mnachokiandika humo mumsomee mtu anaekijua hicho kitu. Si anaejua kuandika. Umeandika juu ya uvuvi, msomee baba yako au ami yako akirudi pwani, hata kama hajakanyaga darasa. Umeandika juu ya nyumba yenu, msomee mdogo wako. Mwachie akukatize. Akisema "hapo sivyo" usimwambie ni mamoja, muulize ilikuwaje halafu ukae ukaandike tena. Itakukera, mimi imeniliza, na uso kwa uso na mtu wako inauma kuliko wino mwekundu.

Haya, nimesema mno na adhana ya alasiri haiko mbali. Nimewaomba walimu leo wasiseme kitu, wakae tu wasikilize. Tukae wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa mtaa mmoja au kijiji kimoja, anaepajua kwao. Wewe binti wa nyuma, mwenye daftari la kijani, nimekuona umelifungua ukalifunga mara tatu. Umeandika nini? Mazishi ya nani? ... Pole mwanangu. Na huyo uliyekaa nae alikuwepo? Basi sogeeni mbele hapa, wewe usome pole pole, na wewe ukisikia pahala sivyo mkatize.