Bustani ya Dodoma Wakati wa Kiangazi

ELIA: Shikamoo, Mama Rehema.

REHEMA: Marahaba, Elia. Karibuni, wasikilizaji.

ELIA: Mama, mvua za Dodoma zikikatika Aprili, ni mpaka Desemba. Mtu ana kibustani nyuma ya nyumba, na maji ya bomba ni ya mgao. Aanzie wapi?

REHEMA: Aanzie kwenye udongo. Jioni unamwaga ndoo tatu, kesho saa nne asubuhi pamekauka kau! Mboga hazikunywa yote hayo. Jua limechukua, na upepo wetu huu umechukua, kwa sababu ardhi iko wazi.

ELIA: Kwa hiyo matandazo, yaani kuifunika ardhi.

REHEMA: Nyasi kavu, mabua ya mtama, maganda ya karanga. Weka unene wa vidole vinne, ila yasigusane na shina, lisije likaoza. Halafu hili linaniumiza: watu wanainua matuta kama ya Lushoto! Kule mvua ni nyingi, maji lazima yatiririke. Hapa chimba jaruba lizame kidogo, ule udongo uwe kingo.

ELIA: Na visima vyenye maji ya chumvi?

REHEMA: Ah, hapo ndipo penyewe. Maji yakikauka juu ya ardhi, chumvi haiendi nayo. Inabaki, kila siku inaongezeka, mpaka unaona ukoko mweupe. Mche mchanga utaumwagilia kidogo kidogo, sawa. Lakini nyanya na bamia zikishashika, mwagilia kwa nafasi, na ukimwagilia, maji yazame hasa. Mizizi itayafuata chini, na chumvi itasukumwa chini, iondoke juu ya ardhi.

ELIA: Nimeona watu wanafukia mitungi.

REHEMA: Mtungi wa udongo, usiopakwa rangi. Ufukie mpaka shingoni, ujaze, ufunike, panda kuuzunguka. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ukuta wa mtungi. Ukilowa, mvuto unapungua. Mimi naupenda kuliko mpira wa matone, ule wenye vitundu vya kudondosha maji, maana mpira huziba kwa chumvi.

ELIA: Maji ya kufulia je?

REHEMA: Ya kusuuzia mpe mgomba au mpapai, chini kwenye shina. Yenye dawa ya madoa, hapana. Na usimwagie majani ya mboga.

ELIA: Kuna hesabu ya kuvuna mvua ya paa nataka wasikilizaji waipate. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Dodoma tunapata kama milimita 550 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 40 linapokea lita 22,000!

REHEMA: Hata robo ikipotea, zinabaki zaidi ya 16,000. Tangi la kubeba yote hayo ni ghali, najua. Anza na pipa moja, lenye mfuniko, mbu wasizaliane. Gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, iwekwe Novemba. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya pili ndiyo uielekeze pipani.