Kipindi cha Wiki: Ngao Mgongoni mwa Kupe

NEEMA: Karibuni. Leo tumewaandalia neno moja la Kilatini, skutumu, yaani ngao: lilivyoanzia vitani likaishia kwenye sarafu, kwenye nyota na kwa wadudu. Ila Salum karudi jana kutoka kwa mama, ana lake kwanza.

SALUM: Dada, nimeshika sikio la ndama karibu saa nzima. Mama alisema hanyonyi vizuri. Kufunua sikio, kupe wamejipanga kama punje kwenye gunzi. Nikang'oa mmoja kwa kibano, jike, amejaa damu, mkubwa kama harage. Bwana mifugo akanipa lenzi: “Tazama hapo nyuma ya mdomo.” Kuna kibati cha kahawia, kigumu, kama punje ya ulezi. Ndiyo skutumu yenyewe.

NEEMA: Na ndama?

SALUM: Kachomwa sindano. Homa imeshuka kidogo, lakini ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, si ya kuamini mapema.

NEEMA: Mpe mama pole. Ila mbona kibati kidogo hivyo?

SALUM: Dume kimemfunika mgongo wote, ndiyo maana havimbi. Jike kinaishia mbele. Nyuma ni ngozi inayotanuka. Akishiba anaweza kufika mara 100 ya uzito wake.

NEEMA: Na papasi hana kabisa! Hapo ndipo wazee wetu wananifurahisha. Kupe wakamwita kupe, yule wa nyufa za kuta na vitanda wakamwita papasi. Wataalamu nao wakawagawa makundi mawili: mwenye skutumu na asiye nayo. Ni mgawo uleule.

SALUM: Hapo tuko pamoja. Ila kukiita ngao, mimi hapana. Ngao unaishika mkononi, ukichoka unaiweka chini. Hiki kimeota mwilini. Ni gamba.

NEEMA: Gamba lipi, kaka? Magamba ya samaki ni mengi, yamepandana. Hili ni moja, pana, limekaa mbele. Na wanasayansi waliochagua neno hilo walijua maana yake ni ngao.

SALUM: Walijua ya askari wa Kirumi. Ile ni mbao nyembamba zilizogundishwa, zikavikwa ngozi, zikapindwa kukumbatia mwili. Iko moja iliyochimbwa Dura-Europos, Syria, ina urefu unaopita mita moja. Mtu aliibeba! Halafu Warumi haohao walipounganisha ngao mbele, kando na juu ya vichwa, mpango huo waliuitaje?

NEEMA: Kobe.

SALUM: Basi! Wenyewe waliona gamba.

NEEMA: Waliona ngao nyingi zikifanya kazi ya gamba. Ngao haikuacha kuwa ngao. Mwanafunzi wa mifugo ukimwambia “gamba la kupe”, atadhani ni la kubanduka. Ukimwambia “ngao”, ataelewa umbo na mahali pake.

SALUM: Ataelewa kwamba inamkinga. Inamkinga na nini, wakati sehemu kubwa ya mwili iko wazi? Kwa jike neno hilo linapotosha.

NEEMA: Sikubali.

SALUM: Nami sikubali, dada. Nimeliona kwa macho yangu.

NEEMA: Haya, zimebaki dakika mbili na hata anga hatujagusa! Kwa kifupi: mwaka 1684 Johannes Hevelius wa Gdańsk aliliita kundi la nyota Ngao ya Sobieski, kwa heshima ya mfalme wa Poland aliyeshinda vita vya Vienna mwaka uliotangulia. Escudo ya Msumbiji, iliyotumika hadi 1980, nayo ni ngao kwa Kireno. Sarafu tulitaka tuipe robo saa nzima...

SALUM: Samahani, Neema, mama anapiga. Ngoja nipokee, huenda ni habari za ndama.