Usaha Haukuanzia Wodini

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, naomba wanivumilie. Siku ya tano baada ya kupasuliwa tumbo kwa dharura, mshono umevimba, mwekundu, usaha unachuruzika. Wa kwanza kuulizwa ni nani? Muuguzi wa wodi. Alinawa? Alifunga vipi? Mimi nasema mwacheni kwanza. Leteni faili mnionyeshe mambo mawili tu: antibiotiki iliingia mwilini saa ngapi, na kisu kiligusa ngozi saa ngapi?

Usiku mmoja tulipokea kijana, utumbo umetoboka, tumbo gumu kama ubao. Daktari wa zamu akaandika antibiotiki, tena kwa mwandiko unaosomeka, jambo la nadra kwetu. Mapokezi wakadhani itachomwa chumba cha upasuaji. Chumba cha upasuaji wakaona imeandikwa, wakadhani imeshachomwa. Mtu wa usingizi alikuwa anahangaika na presha iliyoshuka. Na mimi niliyeshika kisu sikuuliza. Dawa ikaingia tunashona. Kijana alipona, lakini kidonda kiliachia, tukakaa naye wiki kadhaa tukimbadilishia bendeji kila siku. Mnajua nani alilaumiwa.

Hili si jipya. Mwaka 1961 daktari mpasuaji John Burke alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba dawa ikichelewa saa tatu baada ya bakteria kuingia kwenye jeraha, kinga yake imekwisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka dozi iingie ndani ya dakika 120 kabla ya kukata. Kabla!

Najua kuna anayenong'ona: "Daktari, dharura haina muda." Kuchoma dawa mshipani kunachukua dakika ngapi? Mgonjwa huyo amemsubiri mpasuaji kwa muda gani? Mwingine atasema tufidie kwa siku saba za dawa baadaye. Kinga haifidiwi, na mwongozo uleule unakataza kuirefusha baada ya upasuaji. Tumbo lenye usaha ni habari nyingine. Hapo unatibu, hukingi.

Haya mengine yanayochangia maambukizi nayapitia mbiombio. Umri, sigara, lishe duni, kuchelewa kufika, kinyesi kilichomwagika tumboni: usiku ule huwezi kuyafuta. Sukari iliyopanda unaweza kuishusha. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi unaweza kumpasha joto. Na wembe! Nani bado ananyoa tumbo kwa wembe? Mikwaruzo ile ni makazi ya bure kwa bakteria. Kama nywele zinazuia kazi, zipunguzwe kwa mashine.

Halafu glavu. Mikono iliyokuwa ikichota kinyesi robo saa iliyopita ndiyo hiyohiyo inashona ngozi. Utafiti wa ChEETAh, uliotoka 2022, ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 13,000 katika nchi saba, Rwanda na Nigeria zikiwemo. Timu zilipobadili glavu na vifaa kabla ya kufunga ukuta wa tumbo, maambukizi yalikuwa asilimia 16.0, zilizoendelea kama kawaida, asilimia 18.9. Mtaniambia tofauti ni ndogo. Ndogo kwa nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo suala la kuacha ngozi wazi siku chache kabla ya kuishona litasubiri. Ila kabla hamjasimama: nani yuko zamu leo usiku? Wewe? Na dozi ya kwanza atachoma nani? Mbona mnatazamana?